Sifa za Faini ya Stempu

Faini ya stempu ni pesa aliyotozwa mpokeaji wa barua iliyotumwa bila stempu au kwa stempu pungufu. Katika posta za kikoloni hapakuwa na tozo iliyolaaniwa kuliko hii, wala iliyostahili sifa zaidi.

Nasaba yake ni tukufu: ililelewa na Umoja wa Posta Duniani, ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Karani aliyegundua upungufu aligonga muhuri wa herufi T, na posta iliyopokea barua ikadai mara mbili ya kilichopungua. Mpanda ovyo hula ovyo, husema wahenga. Posta iliboresha busara hiyo, ovyo akapanda mwandishi, akala mpokeaji.

Sifa yake ya kwanza ni kufundisha jiografia. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, barua nyepesi kutoka Uganda kwenda Afrika Kusini ililipiwa senti 6 za rupia, kwa kuwa safari yote ilikuwa ndani ya himaya ya Uingereza. Ya nchi ya kigeni ililipiwa senti 15. Mkutano wa Brussels wa 1910 ulipokata mpaka, Bwera ilibaki Uganda na Kasindi, ng'ambo ya mto Lhubiriha, ikawa Kongo ya Wabelgiji. Kwa viwango hivyo, mtu wa kabila la Wakonzo wa Bwera angemwandikia mtu wa Cape Town kwa bei nafuu kuliko shemeji yake wa Kasindi. Akibandika senti 6 kwa kudhani mto ni mto tu, zilipungua 9, na shemeji akadaiwa thamani ya senti 18 ili ajue kwamba amekuwa mgeni.

Sifa ya pili ni huruma. Barua ya asiye na pesa haikutupwa. Ilisafiri kwa mkopo ambao mkopaji hakuulipa.

Sifa ya tatu ni uwazi. Kuanzia 1928 Kenya na Uganda zilikuwa na stempu maalumu za deni zilizoonyesha kiasi kilichodaiwa, na 1935 Tanganyika ikaongezwa. Reli ilipofika Kasese, magharibi mwa Uganda, mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya mgodi wa Kilembe, stempu za deni zilikuwa zingali kazini.

Kodi nyingi za wakoloni zilichukua pesa bila kujieleza. Faini ya stempu iliacha risiti juu ya bahasha, na leo wakusanyaji hununua bahasha hizo kwa hiari.