Namna ya Kulima Mbozi Ukiwa Umekaa Dar

Unaandika programu Dar es Salaam, na nyumbani Mbozi kuna ekari mbili ambazo mama amekukabidhi kwa maneno machache: "Hizi zako, zisiote pori." Kazi zote mbili unazitaka, na sifa zake unazitaka vilevile. Sogea basi, nikupe njia za mkato ambazo hazitakuaibisha.

Kwanza, shindwa mapema. Kutoka Dar hadi Mbozi ni basi la kutwa nzima. Hutaamka alfajiri kukagua viwavijeshi kwenye mahindi. Atakayewaona ni anayeishi pale. Kama ni baba mdogo, mpigie, anza na shikamoo, kisha mpe fungu la mavuno badala ya ujira wa kibarua. Mwenye magunia yake humo shambani hasubiri simu yako ndipo apalilie. Ujanja huu unashinda mwingine wote, na wengi wanaukosa kwa uchoyo tu.

Pili, Excel. Najua utaifungua. Ekari moja, sentimita 75 kwa 30, mbegu moja kila shimo: mimea karibu 18,000. Hesabu iko sawa kabisa. Ukishaigeuza kuwa magunia na kuzidisha kwa bei ya gunia ya miezi ya njaa, usiku huohuo umeshanunua gari. Tulia. Kwenye Excel mbegu haziozi, nyani hawapiti, na hakuna anayelazimika kuuza mwezi Julai kwa sababu ya ada. Ikate jumla yako nusu, halafu mpelekee mama aikate tena. Atakata bila huruma, na atakuwa karibu na ukweli kuliko wewe. Ile hesabu ya kwanza usimwonyeshe mtu, hasa mkweo.

Tatu, panda kisichokuulizia. Nyanya zikimbie: zinadai mtu kila siku, na tangu mdudu kantangaze aingie nchini mwaka 2014, viwavi wake wanatoboa majani na matunda huku wewe uko kikaoni. Chukua parachichi aina ya Hass. Mche uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka kama mitatu. Hiyo ni miaka mitatu ya kujibu "bado changa" kila ukiulizwa habari za shamba, na utakuwa unasema kweli.

Nne, iba likizo kwa akili. Nyanda za Juu Kusini mvua huanza Novemba, na mahindi hupandwa kuelekea Desemba. Ndipo wateja wa Ulaya na Marekani wanapofikiria Krismasi, na hakuna anayetaka programu mpya iende hewani. Omba ruhusa hapo; bosi atakusifu kwa kutomsumbua Agosti. Ila usibadilishe chochote kazini siku ya kuondoka. Programu ikianguka wakati basi linapanda mlima Kitonga, huna la kufanya.

Ukifika, vaa mabuti, shika jembe, piga picha asubuhi ya kwanza kabla malengelenge hayajatoka. Itume kazini. Usione haya, kila mtu anapenda kuonekana mkulima.

Tano, jipatie ubingwa ghalani. Huku ndiko mahindi mengi yanakopotea, kwa dumuzi, yule mdudu ambaye wazee wanamwita Scania. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, tikisa vizuri, iache kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu: yarudishe juani kwenye turubai. Isiponata, yajaze kwenye mifuko isiyopitisha hewa, kamua hewa yote, funga kila tabaka la mfuko peke yake. Wadudu watakosa pumzi humo ndani bila hata chembe ya dawa. Ni kazi ya asubuhi moja, inaokoa jasho la msimu mzima, na majirani watakuja kukuuliza. Jibu kwa utulivu, kama mtu aliyezaliwa akiijua. Sifa hiyo chukua yote, umeistahili.

Siku ya kuuza, mwachie mama azungumze na dalali. Wewe kaa ndani na uifiche kompyuta. Dalali akiiona, atajua mna mshahara unaowangoja, na bei itashuka papo hapo.