Sifa za Nakala Iliyothibitishwa

Sisi wa Kigoma si wachoyo wa sifa. Mgebuka tumeusifu, mawese tumeyasifu, dagaa wetu tumewasifu hadi wa Ziwa Victoria wanauzwa kwa jina lao. Lakini sijamsikia mtu akiisifu nakala ya cheti iliyogongwa muhuri wa wakili, ilhali bila hiyo hakuna anayeingia kwenye ajira ya ualimu serikalini. Leo naomba nafasi niisifu mimi.

Cheti cha kidato cha nne hutolewa na Baraza la Mitihani, ambalo ni la serikali. Anayekitaka ni Sekretarieti ya Ajira, nayo ni ya serikali. Mtu asiye na adabu angesema ndugu hawa waulizane wenyewe. Nakala inawaepusha na usumbufu huo. Inatoka Mwandiga kwa bodaboda, inapita steshenari kutolewa kopi, inafika kwa wakili anayeitupia jicho moja na kuigonga muhuri, inarudi steshenari kuskaniwa, kisha inapandishwa kwenye Ajira Portal ikiwa mtandao umeamka vizuri. Kila ilipopita imeacha riziki. Nitajieni mradi mwingine wa maendeleo mkoani kwetu unaowafikia dereva wa bodaboda, binti wa steshenari na wakili ndani ya asubuhi moja.

Halafu ina macho makali. Chukua kijana wa Ujiji aliyeandikwa Ramadhani kwenye cheti cha kuzaliwa, Ramadhan kwenye cheti cha kidato cha nne, na NIDA wakamwongezea jina la babu. Shangazi zake wote wanajua ni mtu mmoja. Nakala haisikilizi shangazi. Inamtuma kwa wakili akaape kwamba yeye na yeye ni yule yule, na kiapo hicho akilipie. Chuo gani cha ualimu kinafundisha falsafa ya namna hiyo? Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyebatizwa Julius mwaka 1943 akiwa mtu mzima, angeambiwa aje kesho na hati ya kiapo. Meli yetu ya Liemba nayo ilijengwa Ujerumani ikiitwa Graf von Götzen, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, na 1927 ikapewa jina jipya bila kuapa popote. Ndiyo maana, nadhani, haijawahi kupangiwa shule.

Kwetu kuna neema ya ziada. Tangazo la kazi husema mwombaji awe raia wa Tanzania, na mtu wa Moshi akifika hapo hupita tu. Kijana wa Kagunga, kijiji kilichopakana na Burundi, hulala hapo. Ataulizwa baba yake alizaliwa wapi, babu kazikwa wapi, na kwa nini lafudhi yake iko hivyo. Alizaliwa nyumbani mikononi mwa bibi yake, kwa hiyo tangazo la kizazi hana, na mzee mmoja itabidi apande boti mpaka Kibirizi aje kumshuhudia. Vijana wa mikoa mingine humaliza chuo bila kujua kaburi la babu wa baba zao. Wetu wanajua mpaka limeelekea upande gani.

Wanaoilaumu nakala wakumbuke enzi za bila yeye. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, serikali ilipotaka kila mtoto awe darasani kufikia 1977, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakafunzwa ualimu huku wakifundisha. Hakuna aliyeskani kitu. Matokeo yake watu chungu nzima wakajua kusoma, na wanaojua kusoma, kama mnavyowaona, ndio hao wanaosoma matangazo ya kazi. Ni haki pia kusema kwamba uhakiki wa mwaka 2017 uliwakuta watumishi 9,932 wakiwa na vyeti vya kughushi. Sina shaka nakala zao zilikuwa na muhuri safi kabisa.

Na inajua kuchuja. Usaili wa walimu ulipoanza Januari 2025, walioomba walizidi 200,000 kwa nafasi zisizofika 15,000. Waliobaki nje walirudi, wengi wao, walikokuwa: kufundisha kwa kujitolea, kwa posho inayotokana na michango ya wazazi, mwezi ambao wazazi wamevua. Wanaopenda ubishi huuliza inakuwaje mtu asiyefaa kulipwa Ijumaa anafaa kushika hesabu ya madarasa matatu Jumatatu. Nakala haijibu maswali ya namna hiyo, na ukimya wake ni sehemu ya heshima yake.

Kwa hiyo nina pendekezo. Shule za mwambao, kuanzia Kagunga kaskazini hadi Kalya kule kusini, zinalilia walimu. Mjini nakala zimejaa, zimegongwa muhuri, zimeapiwa, uraia wake umekaguliwa hadi makaburini. Zipakiwe kwenye boti pale Kibirizi, zifunikwe turubai zisilowe, zipelekwe huko zikaingie darasani, maana ndizo tulizothibitisha. Yule kijana wa kujitolea asiondolewe. Atahitajika kuzipanga kwenye madawati na kuziita majina asubuhi, na akimfikia Ramadhani aangalie vizuri ile herufi ya mwisho.