Mwisho wa Gari

Daladala ya saa saba usiku haina ratiba, ina hesabu. Bosi anaisubiri hesabu yake asubuhi, na deiwaka, yule wa kibarua cha siku, hapati chake mpaka ya bosi itimie. Ndiyo maana gari linabaki barabarani hata baada ya wenzake kuegeshwa. Sisi tunaotoka Kariakoo usiku wa manane kwenda Mbagala tunasafiri kwa deni la mtu mwingine. Mchana ukimsikia konda akilalamika kwamba biashara ngumu, mpe pole, lakini moyoni furahi: leo usiku gari lipo.

Konda yuleyule aliyekuvuta mkono saa sita mchana, usiku hata hakuangalii. "Mbagala buku," anasema, macho yake yako kwingine. Nauli halali imebandikwa kioo cha mbele, ila walioipanga wamelala, na wewe huna gari jingine. Unatoa buku.

Ndani, shida kubwa ni usingizi. Ukipitiliza kituo mchana unarudi kwa gari jingine. Ukipitiliza saa saba usiku unarudi kwa miguu, na mbwa wa mitaa yote wakikusindikiza. Kwa hiyo desturi ni kumwomba jirani akuamshe. Usiku mmoja nilimwomba mlinzi aliyekaa kando yangu, rungu kati ya magoti, aniamshe Mission, kituo changu. Akakubali kwa heshima zote. Tulipofika Mgulani akanitikisa: "Kaka, hapa?" Nikamwambia bado. Kwa Azizi Ali akanitikisa tena: "Hapa?" Kumbe alikuwa mgeni, alianza lindo mjini wiki hiyo, na kila taa aliyoiona alidhani ni Mission. Sijawahi kulindwa vile maishani.

Mtongani gari likasimama, taa za ndani zikawaka. Konda akapiga ubavu wa gari: "Jamani, mwisho wa gari! Tunageuza!" Nadhani walihesabu vichwa wakaona tuliobaki hatutoshi kulipia mafuta. Wengine tukaanza kuguna na kutafuta viatu vyetu, lakini nyuma kulikuwa na mama lishe mmoja na masufuria yake, naye hakujisogeza hata kidogo.

"Mama, shuka basi, gari linarudi."

"Mwanangu, nimelipa mpaka mwisho, Rangi Tatu. Mimi nalala humu humu mpaka Rangi Tatu ije."

Akajifunika khanga usoni. Konda akamtazama dereva, dereva akatazama kioo. Hakuna mwanamume aliyezaliwa na mwanamke anayejua namna ya kumshusha mama mtu mzima aliyejifunika khanga. Gari likaondoka kuelekea Mbagala, na sisi tuliokuwa tumeshaanza kushuka tukarudi kwenye viti kama watu waliokuwa wakinyoosha miguu tu. Dereva, hata hivyo, alikuwa amekasirika. Mlitaka Rangi Tatu? Haya, Rangi Tatu. Hakusimama Mission, wala kituo kingine chochote njiani, na mlinzi wangu, aliyeniamsha kila mahali pasipohusika, alikuwa anakoroma.

Pamoja na hayo, nalitetea gari lile. Mei 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza katika Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kivukoni, daladala zilizozoea njia ile ziliondolewa. Barabara ya Kilwa nayo imejengewa njia za mwendokasi mpaka Mbagala. Mabasi makubwa nayapenda, nani asiyependa kupita foleni ikiwa imesimama? Ila dereva wa mshahara wa mwezi hana bosi wa kumpelekea hesabu alfajiri. Hana sababu ya kukesha, isipokuwa apangiwe zamu. Tukiondoa daladala bila kupanga zamu hiyo, saa saba itabaki haina mwenyewe.

Tulishawahi kufika huko. Mwaka 1983 serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria Dar es Salaam kwa sababu UDA, shirika la mabasi la jiji, peke yake haikuwamudu watu wote. Pengo likiachwa watu hawatalala Kariakoo. Watapanda pikapu ya mchanga, au bodaboda itakayomeza ujira wa siku nzima. Na kwa dada anayetoka kazini peke yake, pesa si hofu ya kwanza.

Kinachonichekesha ni mpangilio wetu. Tangu mwaka 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa tena kusafiri usiku, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya 1990. Unaweza kuondoka Dar usiku ukaenda Mwanza umejilaza kwenye kiti kinachokunjuka. Mwaka 2025 Kariakoo nayo ikazinduliwa kufanya biashara saa 24. Vizuri sana. Muuza chai, mpakia mizigo na msichana wa dukani wa zamu ya usiku watarudije Mbagala, hilo halikuwa na uzinduzi.

Kwa hiyo wapangaji wa safari za jiji, ombi letu ni dogo: basi moja kila saa, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri, kwa kila barabara kubwa, na saa zake ziandikwe kituoni. Kiyoyozi si lazima. Ila dereva aambiwe asimame Mission.