Kumi Hadi Moja: Funga Sanduku, Twende Chuo cha Biblia Chicago

Barua ya kukubaliwa imefika. Kanisa limefanya harambee, wazee wamekuwekea mikono, na shangazi amekwisha kuleta furushi la dagaa ambao hakuna aliyewaagiza. Sasa umekaa sakafuni mbele ya sanduku lililo wazi, ndege inaruhusu kilo 23, na kila jirani ana ushauri. Hebu sogea kidogo nikae. Njia hiyo nimeipita, na nimewapokea wengi walionifuata. Tutahesabu kutoka kumi kwenda moja, maana mgeni wa heshima huingia watu wakiwa wamekwisha kukaa.

10. Koti liache

Najua umeliona Gikomba au Karume: jeusi, zito, lina manyoya shingoni. Liache. Koti hilo lilikwisha kuishi Marekani, likaionja baridi, likaamua kuhamia kwetu. Usilirudishe kwa nguvu.

Januari 30, 2019, kipimo cha baridi Chicago kilishuka hadi nyuzi 31 chini ya sifuri. Friza inayogandisha samaki nyumbani ni nyuzi 18 chini ya sifuri. Siku ile mtu angeingia kwenye friza aote joto! Nunua koti hukohuko. Maduka ya mitumba yapo tele, na mitumba yenyewe bado haijapanda meli. Kisha vaa tabaka juu ya tabaka, na viatu visivyopitisha maji.

*Sandukuni:* soksi nyingi. Imani hupasha moyo joto, miguu inataka soksi.

9. Jua la huko halijasoma saa za Kiswahili

Kwetu saa na jua ni ndugu: linachomoza kwenye saa kumi na mbili, linazama kwenye saa kumi na mbili, mwaka mzima. Chicago mwezi wa Desemba linazama saa 10 na dakika 20 jioni. Mwezi wa Juni linang'ang'ania hadi saa 2 na nusu usiku, watoto wamekwisha kulala.

Hili lichukulie kwa uzito, ndugu yangu. Giza refu humshusha mtu roho. Nimeona wanafunzi wakilia Januari kwamba Mungu amewaacha, kumbe waliowaacha ni jua na usingizi. Toka nje saa sita mchana, tembea hadi ufuko wa Ziwa Michigan. Utadhani ni bahari, ila halina chumvi wala mnazi. Mwenyeji akilisifia ukubwa, mwambie kwa upole kwamba Ziwa Victoria linalizidi, kisha muulize habari za familia.

*Sandukuni:* nafasi tupu. Jua halipakiwi.

8. Simu ya mama ina majira yake

Majira ya baridi mnapishana saa 9. Jumapili ya pili ya Machi wenyeji wanasogeza saa zao mbele, zinabaki 8. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanazirudisha. Mama hatakumbuka, wala si kazi yake kukumbuka. Atakunywa chai, atapiga saa 2 asubuhi akiwa na furaha tele, na kwako ni saa 5 usiku na kesho una mtihani.

Basi panga wewe. Saa 6 mchana yako ya Januari ni saa 3 usiku kwake: sahani zimeoshwa, sala zimekwisha, nyumba imetulia. Chagua siku moja ya juma uishike kama ibada. Mtoto asiyepiga simu, hata akiwa na shahada ya theolojia, nyumbani huombewa pamoja na wapotevu.

*Sandukuni:* namba zote muhimu kwenye karatasi. Simu huanguka, karatasi huokotwa.

7. Ugali una wanaofanana nao

Bwalo la chakula litakulisha vizuri: mkate, jibini, viazi, majani mabichi. Wiki ya tatu utaota ugali. Utaingia duka la Wameksiko, utaona pakiti ya unga mweupe wa mahindi, moyo utaruka. Subiri! Soma pakiti. Ule uitwao masa harina ni wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Ni mtamu kwa chapati zao za tortilla, lakini ukiusonga hautakuelewa wala hutauelewa. Tafuta unga mweupe wa kawaida.

Kwa mengine panda basi hadi Devon Avenue, kaskazini mwa mji, kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani. Dengu, choroko, iliki, bizari, unga wa chapati: Mzanzibari akifika pale hudhani amerudi Darajani. Pika, kisha ita bweni zima. Chapati moja ya moto hufungua mlango ambao mahubiri matatu yamegonga.

*Sandukuni:* mwiko wa kusongea. Na dagaa wa shangazi ukiwabeba, watangaze forodhani. Chakula chote hutangazwa.

6. Salamu fupi, mwaliko mkali

Kwetu salamu ni safari: wewe, nyumbani, watoto, kazi, mvua, ng'ombe. Huko mtu atakuuliza u hali gani akiwa amekwisha kukupita hatua tatu. Usimkimbilie na habari za mgongo wa bibi. Hajakudharau. Kwake ile ndiyo "jambo", nayo hujibiwa kwa neno moja.

Lakini akikualika chakula saa 12 jioni, amekusudia saa 12 jioni. Ukifika saa 1, supu imepoa na wenyeji wameanza kukuombea. Akikukaribisha kula, kula. Hatakubembeleza mara tatu kama kwetu. Ukikataa mara ya kwanza kwa adabu, sahani itaondoka pamoja na adabu yako.

*Sandukuni:* saa ya mkononi, na njaa ya kweli.

5. Mtazame mwalimu machoni

Umelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, na ni malezi mema. Huko macho yaliyoinama husomwa vingine: huyu hajasoma, au anaficha jambo. Inua uso. Uliza. Katika masomo mengi kuna alama za kushiriki darasani, na mwanafunzi mwenye fikra nzuri kimyani ni kama taa chini ya kitanda.

Siku ya kwanza utapewa mpango wa somo lote: kila kitabu, kila insha, kila tarehe. Hakuna atakayekukumbusha tena. Na mhadhiri akitangaza saa za kumwona ofisini, nenda, hata kama huna shida. Wapo watakaokuja kuwa baba na mama zako wa kiroho, na wote utawakuta nyuma ya mlango uliokuwa wazi.

*Sandukuni:* swali moja kwa kila kipindi. Halina uzito.

4. Jiandae kumheshimu Bi. Turabian

Kate Turabian alikuwa katibu katika Chuo Kikuu cha Chicago, akikagua tasnifu za wanafunzi. Mwaka 1937 aliwaandalia mwongozo wa kuandika kazi zao, na hadi leo vyuo vingi vya theolojia vinaufuata. Utamjua Bi. Turabian kabla hujalijua jina la mchungaji wako mpya.

Kwetu mhubiri anaweza kubeba hubiri zima la mwenziwe na sote tukasema amina. Huko sentensi ya mtu bila jina lake ni wizi, na unaweza kukupa sifuri au kukurudisha nyumbani. Ukifikiri vizuri utaona ni adabu yetu ileile. Tanbihi ni shikamoo ya maandishi: unamwamkia aliyekutangulia, ndipo unapita.

*Sandukuni:* daftari la kuandika kitabu gani, ukurasa gani. Kumbukumbu hukopa bila kuaga.

3. Dola haioti kwenye theluji

Viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Bwaloni, maktabani, kwenye usafi. Malipo yake yatakutosha kwa sabuni, nauli na vitabu vichache. Kazi ya nje bila kibali usiiguse, hata akikushawishi mtu wa kwenu. Ukiipoteza viza umeipoteza na harambee ya kanisa zima.

Nyumbani nao wajue mapema. Binamu ataomba simu, mjomba ataomba mabati, nao wanaomba kwa upendo, maana picha waliyo nayo ya Marekani ni hiyo. Waandikie ukweli kabla ya ombi la kwanza. Na mfuko ukikauka, nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni siku hiyohiyo. Usingoje uote mizizi ya aibu.

*Sandukuni:* bajeti, na neno "bado" lililokunjwa vizuri.

2. Kiebrania kinakujua

Hapa sasa tulia. Darasa zima litatetemeka mbele ya herufi 22 zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Wewe kaa wima. Kiswahili chenyewe kiliandikwa hivyo kwa karne nyingi, kwa herufi za Kiarabu, kabla ya hizi tulizo nazo.

Kisha msamiati unaanza, na macho yako yanafunguka. Damu ni *dam*. Saba ni *sheva*, tisa ni *tesha*. Roho ni *ruach*, nabii ni *navi*, malaika ni *mal'akh*. Hekima ni *hokhmah*, hekalu ni *hekhal*, baraka ni *berakhah*. Kiarabu na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja, na Kiarabu kilipoleta maneno yake pwani yetu, kilituachia na harufu ya jamaa zake. Wenzako wanakariri wageni. Wewe unatambulishwa kwa binamu.

Kiyunani nacho kina zawadi yako. *Pisteuō* ni neno moja lenye mtenda na tendo ndani yake, kama "naamini". Sisi tunamweka mtu mbele ya neno, wao wakamweka nyuma. Na aliyekua akisema "vitabu vyangu vizuri vimepotea" atashtushwa na upatanisho upi wa kisarufi tena?

*Sandukuni:* hakuna. Kiswahili tayari unacho mdomoni.

1. Huendi kupokea tu

Mwaka 1894 binti aitwaye Mary McLeod, mtoto wa wazazi waliowahi kuwa watumwa huko South Carolina, aliingia chuo cha Biblia cha Chicago, kile alichokianzisha Dwight L. Moody mwaka 1886. Alikuwa na shauku moja: kuja Afrika kuhubiri. Alipomaliza, bodi ya misheni ya Wapresbiteri ilimwambia haina nafasi kwa wamisionari weusi. Akarudi kusini. Mwaka 1904 akafungua shule huko Daytona, Florida, kwa dola moja na nusu na wasichana watano. Leo shule hiyo ni chuo kikuu chenye jina lake la ndoa, Bethune.

Alitaka kuja kwetu, akafungiwa mlango. Wewe unaupita mlango huohuo ukitokea upande wetu. Usiupite umejikunyata.

Vyuo vya Biblia vingi humtaka mwanafunzi ahudumu kila wiki, na Chicago kuna familia za Wakongomani waliofika kama wakimbizi, wanaosali kwa Kiswahili na bado wanatafuta wa kuwasomea barua ya shule ya mtoto. Nenda kwao. Usiku mmoja bwenini kwetu tuliambiwa kila mtu aombe kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Mkorea akaomba, Mbrazili akaomba, nami nikaomba. Hatukuelewana neno hadi lile la mwisho, na hilo tulilisema pamoja: amina.

*Sandukuni:* Biblia ya Kiswahili. Iweke juu kabisa, mkono uifikie kwanza. Dagaa wa shangazi watakaa chini.