Jino Moja, Bili ya Matatu

Huwezi kuwekewa daraja la meno ikiwa meno yako yote yapo, kwa hivyo kazi ya kwanza ni kupoteza moja. Mji wa Kale wa Mombasa hauna uhaba wa vifaa. Kokwa za ubuyu mwekundu unaofungwa kwenye vikaratasi zina uwezo wa kupasua gego la mjukuu na la babu bila kubagua. Muwa tunaumenya kwa meno na kisu kiko pale pale. Chupa ya soda ina kifunguo chake, ila kifunguo hicho hakijawahi kuonekana anapokuwapo kijana anayetaka kutazamwa.

Asiye na nguvu za kuvunja na aoze. Mahamri na chai tamu asubuhi, kashata na kahawa alasiri, haluwa baada ya isha. Jino likianza kulalamika, libane karafuu, sukutua kwa maji ya chumvi, meza Panadol, ungoje. Ukifika kwa daktari mapema mno ataliziba, na hapo safari yako itakuwa imekatika. Jino ambalo lingezibwa kwa nusu saa mwezi wa Januari, likivumiliwa hadi Oktoba litang'olewa kwa dakika kumi. Dakika ishirini umeziokoa. Na liwe jambo la kujivunia.

Sasa una pengo, usilikimbilie. Pengo la gego ni siri kati yako na mishkaki. La mbele ndilo linalotaka ustadi: mwanamke ana ncha ya mtandio, mwanamume wa barazani ana kikombe cha kahawa, ambacho hakitakiwi kushuka mdomoni mpaka mcheko upite. Anayesoma tajwidi ana mtihani wa ziada. Thaa, dhali na dhaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya mbele ya juu, na faa huhitaji meno hayo hayo yaguse mdomo wa chini. Ustadhi atalisikia pengo lako kabla hajaliona.

Wewe unangoja, lakini mdomo haungoji. Jino la upande wa pili lililokuwa likikutana na marehemu kila unapotafuna, likikosa wa kukutana naye, huanza kutoka mahali pake kidogo kidogo kumfuata. Majirani wa kulia na kushoto huliinamia pengo. Mfupa wa taya ulioshika mzizi, ukiona hauna kitu cha kushika, hupungua. Acha miaka mitano ipite namna hii, kisha umpelekee daktari nafasi isiyotoshea jino la ukubwa wowote unaojulikana. Kazi ikiwa ngumu, heshima ya mgonjwa huongezeka.

Wakati mwafaka wa kwenda ni wiki mbili kabla ya harusi. Si lazima iwe yako. Ya mtoto wa dada yatosha, maadamu pana kupamba, pana mpiga video, na pana shangazi kutoka Maskati aliyekuona mara ya mwisho ukiwa na meno kamili. Kutafuna, ulitafunia upande mmoja miaka yote hiyo na hukufa njaa. Kinachokupeleka kwa daktari ni kamera.

Daktari atakutajia njia tatu nawe utasikia moja. Ya kwanza ni jino la kuvua, la plastiki, lenye bei ya huruma, linalolala kwenye glasi ya maji usiku. Utalikataa kwa sababu ya glasi. Ya pili ni kupandikiza: skrubu ya titani inafungwa ndani ya mfupa wa taya, kazi aliyoianza Msweden Per-Ingvar Brånemark kwa mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Hii huwaacha majirani salama kabisa, lakini mfupa hutaka miezi kuikumbatia ile skrubu, na harusi ni Ijumaa ya pili. Basi yabaki daraja.

Mzaha wa daraja kwa mtu wa kisiwani hauepukiki, heri tuumalize. Daraja la zamani la Nyali, la 1931, lilikuwa la kuelea, likipanda na kushuka na maji; la 1980 likasimamishwa juu ya nguzo. Mwaka 2020 Serikali ikaona tumekumbuka mawimbi, ikatuwekea la kuelea tena pale Liwatoni, la watembea kwa miguu, ili watu wasibanane kwenye feri wakati wa korona. Jino la kuvua ni la aina ya 1931. Utakalowekewa wewe ni la aina ya 1980, na nguzo zake ni meno yako mwenyewe.

Hapa ndipo pa kukaa kitako, kwa kuwa ndipo wengi wanaposimama kwenye kiti na kuomba maji. Umepoteza jino moja. Karatasi ya bei imeandikwa matatu.

"Daktari, lililotoka ni moja tu."

"Naam, ami. Moja ni la katikati, lile bandia. Mawili ni kofia za majirani. Nitayachonga yale mawili kuzunguka pande zote, milimita moja, pengine kukaribia mbili, halafu nitayavisha, na la katikati litashikwa nayo."

"Hayo mawili yana ubovu?"

"Hayana."

"Yamepasuka?"

"Mazima kabisa."

"Sasa yamekosa nini?"

"Yamekaa karibu."

Usibishane naye, anasema kweli. Gamba gumu la nje la jino halioti tena likishachongwa, na jino lililochongwa kwa ajili ya kofia litavaa kofia maisha yake yote. Mara nyingine mshipa wa ndani hauvumilii ile kazi, likahitaji kutibiwa mzizi, na kwenye bili panaongezeka mstari. Pana hata kanuni ya hesabu ya nguzo, iliyotolewa na daktari aitwaye Ante mwaka 1926: jumla ya eneo la mizizi ya nguzo isipungue eneo la mizizi ya meno yaliyotoka. Ukiwa na mapengo matatu mfululizo na unataka kuyavusha kwa majirani wawili waliochoka, Ante alishakukatalia kabla babu yako hajazaliwa. Wewe mwambie daktari akujaribie tu.

Kuna daraja la staha zaidi lenye mbawa nyembamba zinazogundishwa nyuma ya majirani bila kuwachonga sana. Marekani waliliita la Maryland. Hufaa jino moja la mbele, ila huweza kubanduka ukiling'ang'aniza nyama. Usiulize habari zake. Ukiuliza, daktari anaweza kukubali, na pesa yote itabaki mfukoni ikikuwasha.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Walikuwa na haki ya kusema, maana pembe zimepakiwa majahazini kwenye pwani hii kwa karne nyingi, wakaona zinakokwenda. Waetruski wa Italia walikwisha kufunga meno kwa mikanda ya dhahabu yapata karne ya 7 kabla ya Kristo. George Washington alipoapishwa kuwa rais wa Marekani mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino lake moja. Seti aliyochongewa na daktari wake, John Greenwood, ilikuwa ya pembe ya kiboko pamoja na meno ya watu. Sisi tuna mtaa mzima wa Kibokoni na hatujapata jino. Daftari la hesabu za shamba la Washington la mwaka 1784 lina malipo kwa watumwa kwa meno 9. Haijaandikwa kama ndiyo yaliyoingia kinywani mwake, ila ni wazi kuwa tangu zamani pengo la mkubwa hulipiwa na aliye karibu naye.

Tuje kwenye kuchagua rangi, hatua ambayo ukoo mzima una haki ya kuhudhuria. Daktari atatoa kijisanduku cha vijino vya mfano, rangi 16 kwa kawaida, kuanzia nyeupe ya maziwa hadi ile ya chai iliyosahauliwa jikoni. Atakusogeza dirishani penye mwanga wa jua, akilinganisha kimoja kimoja na meno yako, na mkono wake utasimama kwenye ile ya chai. Ana sababu: miaka ya kahawa tungu na tambuu imo mle. Kataa. Nyooshea kidole ile nyeupe kuliko zote. Akikueleza kwamba jino la kauri haliwezi kung'arishwa wala kufifishwa baadaye, na kwamba matatu meupe kama sahani kati ya kumi na mawili ya rangi ya kahawa yataonekana kutoka ng'ambo ya Nyali, mwambie ndiyo maana unalipa.

Baada ya ganzi na kuchonga, utabanwa kinywani kwa trei ya uji mzito unaoganda, ili chapa ya meno yako ipelekwe kwa fundi wa maabara. Pumua kwa pua. Wanaopumua kwa mdomo wana hadithi zao na hazisimuliwi mezani. Fundi huyo hutamwona kamwe, na ndiye atakayefinyanga jino lako, juu ya chuma kilichopakwa kauri au kwa zirkonia tupu. Ukimharakisha daktari, daktari atamharakisha fundi, na haraka hiyo utaitafuna miaka kumi.

Wakati kazi iko kwa fundi, unavishwa daraja la muda, la plastiki. Saruji yake imefanywa dhaifu kwa makusudi, daktari apate kulitoa bila kukutesa. Ataagiza ule vitu laini, upande wa pili, usiguse kinachonata. Wewe una mwaliko wa nikaha baada ya sala ya alasiri. Mnajua kinachofuata baada ya sheikh kumaliza hotuba: trei inapita, na juu yake haluwa, iliyokorogwa kwa saa nyingi hadi samli, sukari na wanga vimekuwa kitu kimoja chenye nia moja. Kukataa haluwa ya nikaha ni kutangaza ugomvi na wazazi wa bwana harusi. Basi kula. Daraja la muda litatoka zima zima limeshikamana na tonge, na hapo una pumzi moja ya kuamua: kulitema mbele ya mashemeji au kulimeza. Watu wenye malezi humeza.

Kwa hofu ya bili, wapo watakaokunong'oneza habari ya fundi fulani wa nyuma ya duka ambaye hachongi, hapigi ganzi wala hapeleki kazi maabara. Humwaga plastiki ya kuganda juu ya ufizi, akaifunga kwa waya kwenye majirani, na kwa saa moja umepona. Ni kweli kwamba hachongi jirani. Chakula kitakachooza chini ya plastiki hiyo ndicho kitakachomaliza jirani, tena bila malipo. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya huweka mtandaoni orodha ya waliosajiliwa, na Hospitali Kuu ya Pwani ina kitengo cha meno mwendo mfupi tu kutoka kisiwani kokote. Ukikuta jina la fundi wako halimo kwenye orodha, ichukulie kuwa ni unyenyekevu wake.

Siku ya kuwekewa lile la kudumu, daktari atakung'atisha karatasi ya rangi kati ya meno na kukuuliza kama limekaa sawa. Huyu ndiye mtu pekee duniani anayetaka umwambie linakukera. Mwambie limekaa vizuri sana, ahsante, kwa vile teksi inangoja nje. Kama limezidi kimo kwa unywele, kila utakapotafuna litapiga la kwanza, na nguzo zitaanza kuuma katikati ya kesha.

Utunzaji ni suala la uzi. Chini ya jino la katikati pana kichochoro kisichofikiwa na mswaki wa plastiki wala wa mti, na ufizi wake husafishwa kwa uzi maalumu wenye ncha ngumu unaopitishwa kwa chini kila usiku. Ukiutumia, daraja huweza kudumu miaka 10 hadi 15. Uzi huo weka kwenye droo ya vikombe vya wageni. Kofia haiozi, kilichomo ndani yake ndicho kinachooza, polepole na gizani, hadi siku jirani asiye na kosa anapokatika kwenye ufizi akiwa bado amevaa kauri nyeupe. Daraja linalofuata litahitaji jirani mwingine, wa mbali zaidi, na bili ya meno manne.

Likichomoka kabla ya hapo, lioshe, litie kwenye kikopo safi, ulirudishe kwa daktari upesi, maana mara nyingi hugandishwa tena. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwenzangu na mimi hulibandika kwa supagluu ya viatu, kinyume mbele, usiku wa kuamkia kupamba. Jumatatu daktari ataligonga kwa chuma chake, aliangalie kwa kioo, anyamaze kidogo.

"Ami, hili umelishika na nini?"

Fungua mdomo zaidi, ujifanye huwezi kujibu.