Midomo ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipanda kutoka Tanga kuja kwetu Njombe mwezi Juni, mwezi ambao mtu wa pwani mwenye akili zake huwa anashuka, hapandi. Njombe iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni ndipo baridi inapojua kila tundu la nyumba. Siku ya kwanza alikaa sebuleni na kanga zake mbili. Juma lilipokwisha alikuwa ndani ya koti la mwanawe, soksi za mjukuu na blanketi la wageni. Kitu pekee kilichobaki nje ni midomo, na baridi ikaanzia hapo hapo.

Ikakauka, ikababuka, kisha ikapasuka pembeni. Kila baada ya maneno mawili akawa anaipitishia ulimi. Ngozi ya midomo ni nyembamba kuliko ya sehemu nyingine za uso, na haina tezi za jasho wala za mafuta za kutosha kuilinda, kwa hiyo maji yake huondoka upesi. Mate hayasaidii. Yakikauka huondoka na unyevu, na vimeng'enya vilivyomo, vilivyowekwa kinywani ili vianze kusaga chakula, hubaki vikiichokoza ngozi iliyokwisha kuumia.

"Mama," nikamwambia kwa adabu zote, "ukiilamba ndiyo unazidi kuikausha."

"Mwanangu, mimi nimezaa watoto saba na midomo hii hii," akanijibu, na kesi ikaishia hapo.

Dawa yake alikuja nayo mwenyewe: chupa ya mafuta ya nazi, aliyokamuliwa na mtu anayemwamini huko kwao Pangani. Asubuhi akaifungua, ikawa haimiminiki. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kimetulia. Akaikoroga kwa kijiti, akainusa, akaigeuza juu chini. Mwisho akapiga simu Pangani, na nyumba nzima ikasikia. "Nimenunua mafuta kwako, umenipa Kimbo!" Yule bwana akaapa kwa majina yote ya Mwenyezi Mungu. Alikuwa msema kweli, maana mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na jikoni kwangu mwezi Juni nyuzi 24 ni habari za kusikia redioni. Mama mkwe alikata simu akiwa hajaridhika. Akayayeyusha juani, akajipaka. Midomo ikang'aa kwa muda mfupi, akanywa chai, mafuta yakaenda na chai.

Hapo Baba Watoto akaingia kazini. Yeye ana imani moja maishani, nayo ni asali. Usiku akampaka mama yake asali tupu, ya kutosha mkate mzima. Asali kweli huvuta maji, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni sukari, na sukari hizo hupenda kushikamana na unyevu. Lakini hewa ikiwa kavu haina maji ya kuvutwa, basi asali huyavuta kutoka ndani ya ngozi, nayo yakifika juu yanapeperuka. Mama mkwe aliamka midomo ikiwa imekaza zaidi ya jana. Aliamka pia na sisimizi, wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye mto. Sitarudia maneno aliyomwambia mwanawe. Itoshe kwamba yalianzia siku aliyozaliwa.

Mwanangu wa kidato cha pili akaleta kopo lake la mafuta ya mgando na kusema yeye hajawahi kupasuka. Bibi akakataa: hapakwi kitu kinachotoka kwenye petroli. Jirani akashauri limau na sukari ya kusugulia, na nashukuru kwamba ushauri huo ulikufa kabla ya kufika jikoni. Limau huwasha kidonda, na likikutana na jua linaweza kuiunguza ngozi. Sukari nayo, ikisuguliwa kwenye midomo iliyopasuka, huongeza mipasuko.

Baba Watoto hakukubali kushindwa na sisimizi. Akanunua pande la nta ya nyuki, akalitia kwenye sufuria yangu ya wali pamoja na mafuta ya nazi na kikombe cha asali, akaiweka sufuria moja kwa moja juu ya mkaa. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, haihitaji moto wa makande. Mafuta yalipopata moto mkali, maji yaliyomo ndani ya asali yakaanza kulipuka. Alipigana na sufuria akiwa ameshika mfuniko mkononi, kanga yangu ameifunga kichwani. Ghasia ilipotulia, asali ilikuwa imezama chini na kuungua, mafuta na nta vimeelea juu. Maji na mafuta hayaelewani, na asali iko upande wa maji. Hata uikoroge namna gani, ukiacha inajitenga.

Akamimina kilichoelea kwenye vikopo, mabaki akayamwaga kwenye sinki. Nta ikapoa ndani ya bomba. Fundi aliyekuja kulizibua alisema tangu aanze kazi hajawahi kuchomoa kitu kinachonukia vizuri namna ile.

Na vile vikopo? Vilikuwa vigumu kiasi kwamba mama mkwe aligonga kimoja mezani na meza ikaitikia. Nta ilikuwa nusu nzima ya mchanganyiko. Jioni umeme ulipokatika, mjukuu akachomeka uzi katikati ya kopo moja, akawasha kiberiti. Liliwaka vizuri sana. Tulikula chakula kwa mwanga wa dawa ya midomo, na bibi, kwa mara ya kwanza juma lile, akamsifu mwanawe.

Ndipo nikamwita shangazi yangu, mwalimu mstaafu wa kemia, mtu ambaye hajawahi kuona sufuria ya mtu mwingine bila kuirekebisha. Alifika na mzani mdogo, chupa ya mafuta ya nyonyo na kibuyu cha siagi ya shea inayotoka kaskazini mwa Uganda. Akamwamkia mama mkwe, akaitazama midomo, akaketi.

"Dada yangu, hakuna aliyekudanganya. Nazi ni nzuri, asali ni nzuri, nta ni nzuri. Tatizo umewapokea mmoja mmoja. Midomo inataka kamati ya harusi. Asali ni mwenye kadi, anaita maji yaje. Mafuta ni wapambaji, wanaingia kwenye nyufa na kulainisha. Nta ni mlinzi wa geti. Huyo hapambi wala haaliki, kazi yake aliyeingia asitoke."

"Na haya ya mgando?" mjukuu akauliza.

"Naye mlinzi, tena hodari. Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872. Ila mlinzi ukimpa ukumbi mtupu, atalinda utupu."

Kisha akapika. Bakuli ndani ya sufuria ya maji, ili joto lisipande kupita kiasi. Kwa mwinuko wetu maji huchemka karibu na nyuzi 94, akasema, na kwa nta hiyo ni zaidi ya kutosha. Sehemu moja ya nta kwa uzito, mbili za nazi, mbili za shea, mbili za nyonyo. Nyonyo ni mazito na yananata, ndiyo yanayofanya mchanganyiko ukae mdomoni badala ya kufuata chai. Shea aliitia mwisho, bakuli likiwa limeepuliwa. Alidondosha tone kwenye sahani baridi, akalibonyeza kwa kidole: likizama bila kumwagika, nta imetosha.

Vikopo vikapelekwa nje kwenye baridi. Kimoja mjukuu alikiacha kando ya jiko, kikapoa polepole, asubuhi kikawa na chengachenga. Sehemu ngumu ya shea huwahi kuganda, na ukiipa muda hujenga chembe kubwa unazozihisi kwa ulimi. Ukiupoza upesi mchanganyiko, chembe hazipati nafasi ya kukua. Kopo la chenga akapewa aliyelisababisha.

Asali haikutiwa kabisa. Shangazi aliipa zamu yake: kabla ya kulala, ipakwe nyembamba, ikae kidogo, ifutwe kwa maji ya vuguvugu, midomo ikiwa bado na umajimaji, dawa ipakwe juu. Dawa yenyewe haina hata tone la maji. Inachofanya ni kuyafungia yale iliyoyakuta. Mama mkwe alifuata masharti, akaacha kulamba kwa kuwa ladha ya nyonyo haimpendezi, na nyufa zikafunga. Akaanza kucheka bila kushika mdomo, tukajua sasa atatusema kwa uhuru.

Aliporudi Tanga na kopo mkobani, simu ikaja kabla hajafungua mizigo. Dawa ilikuwa imelegea, mafuta yamevuja mpaka kwenye kitambulisho cha taifa. Hesabu iliyopigwa Njombe, ambako nazi na shea huganda zenyewe, ilikuwa imefika mahali ambapo nta ndiyo peke yake iliyobaki ngumu. Nilijiandaa kusikia akimshtaki shangazi yangu. Badala yake ukaja ujumbe wa sauti, kwa sauti ya mwalimu mkuu:

"Huku pwani ni nta moja kwa mafuta matatu, nimeyeyusha upya na kujaribu kwenye sahani. Ninyi huko endeleeni na moja kwa sita. Mwambie mume wako aniletee nta kilo mbili, ile safi ya Tabora, siyo ile aliyozibia sinki. Na asichelewe, majirani wameshalipa."