Sifa za Kioo Kinachopepesa

Kwenye ngoma ya ohangla mtu husimamisha muziki, hutoa noti, kisha hujimwagia sifa yeye, mpenzi wake na wajomba zake wote. Ndiyo pakruok. Leo nausimamisha muziki mimi, na noti yangu ni ya kukisifu kioo cha kompyuta yangu, kile kinachopepesa.

Wa kumsifu samaki mbuta wapo, siwaingilii. Ila hapa kisiwani Remba, mabati yalivyobanana hadi jirani akikohoa unampa pole bila kupaza sauti, nani mwingine ana adabu ya kungoja? Mwezi haumngoji mvuvi wa omena. Mnunuzi wa samaki hangoji, na mwenye jenereta ndiyo kabisa. Kioo changu hungoja.

Vioo vya kawaida ni kama feri ya Mbita kwenda Luanda Kotieno: saa ikifika inaondoka, abiria wawepo wasiwepo. Hujichora upya mara 60 kila sekunde hata kama hakuna jipya la kuonyesha. Changu ni mashua: hakiondoki mpaka kadi ya picha ilete fremu. Utaratibu huo ni Adaptive-Sync, na VESA, wanaoweka kanuni za vioo, waliuingiza kwenye DisplayPort 1.2a mwaka 2014. Walikusudia michezo ya kompyuta, ambako fremu huja bila mpango, na kioo kisichongoja huishia kuonyesha nusu ya picha ya zamani na nusu ya mpya.

Kwa mpira wa kwenye kompyuta, raha tupu. Lakini mimi riziki yangu ni majina ya mashua, jezi na vipeperushi vya matanga, na programu ya kuchorea haina abiria. Nikiwaza, haji hata mmoja. Nikisogeza kishale, wanajaa kwa mkupuo. Kioo, kwa upole wake, kinashuka hadi mara 48, kinapanda 144, kinashuka tena. Kasi ikibadilika, mwanga nao hubadilika kidogo, hasa kwenye vioo vya aina ya VA, na rangi ya kijivu ndiyo huumbuka kwanza. Ukurasa mzima unanikonyeza.

Na elimu niliyopewa bure! Kisiwani, chochote kinachopepesa ni kosa la jenereta. Nililaumu jenereta wiki mbili, na mwenyewe akaacha kunisalimia. Nikabadilisha waya. Nikamaliza bando la mwezi kushusha draiva mpya. Mvuvi mmoja alichungulia mlangoni, akatikisa kichwa: “Omera, hiyo taa yako ingefaa kuvulia omena.”

Ndipo nilipopiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe. Ikatoka safi, haina waa. Maana yake rangi zilikuwa sawa ndani. Zilikuwa zikiharibikia njiani, kwenye kuonyeshwa. Jioni nikacheza mpira, kioo kikatulia kama ziwa la alfajiri. Kifaa kibovu hakichagui programu ya kuugulia. Dawa ilikuwa vitufe viwili chini ya kioo, kwenye menyu ambayo nilikuwa sijawahi kuifungua: nikazima Adaptive-Sync, kupepesa kukaisha papo hapo. Asiyetaka kuikosa kwenye michezo anaweza kwenda kwenye mipangilio ya kadi ya picha akairuhusu kwa michezo inayojaza skrini nzima tu, madirisha ya kazi yakaachwa na kasi moja.

Hapo ndipo nilipojua thamani ya rafiki niliyemzima. Zamani mwenye mashua akija kudai jina lake, nilimgeuzia kioo. Alitazama dakika moja, akafumba macho, akanionea huruma: “Pole fundi, hata wewe una mawimbi yako.” Mara nyingine aliniachia samaki wawili aina ya ngege. Sasa kioo kimetulia, na wa kwanza kufika alisimama nyuma yangu akaona wazi, bila mawimbi, kwamba kwa siku nne nilichokuwa nimechora ni herufi moja.

Kwa hiyo nimekariri vile vitufe viwili. Nikisikia gambuti zinakuja kwenye kokoto, kidole kinashuka chini ya kioo, na nyayo zikifika mlangoni mimi tayari nimeshika kichwa.